Nalipenda gari langu, lakini mama yangu ameanza kuliogopa

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 41, ni mke na mama wa watoto wawili, na naendesha duka la dawa hapa Arusha. Mume wangu yuko mgodini Geita, anarudi nyumbani kila zamu yake inapoisha. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 76, anaishi nasi tangu baba alipofariki. Ana tatizo la moyo na kila mwezi anahudhuria kliniki Moshi. Mimi ndiye ninayempeleka, maana kaka yetu yuko Dodoma na mdogo wetu wa mwisho ana mapacha wachanga.

Miaka mitatu iliyopita niliagiza gari kutoka Japani kwa fedha yangu mwenyewe, niliyoitenga kidogo kidogo kutoka dukani. Kila mtu alitegemea nitachukua IST au Rav4. Mimi nikaagiza gari dogo la saluni la Kijerumani, la mwaka 2007. Lina milango minne, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na gia zake ni za mkono, kitu ambacho ni adimu kwa magari ya Japani. Mpaka linatoka bandarini na kusajiliwa lilinigharimu milioni 26.

Mama, naomba nikueleze linavyoendeshwa, kwa sababu kila ninayemsimulia shida yangu anairuka sehemu hii. Ukitoka Mto wa Mbu kuupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu, kuna kona zinazofuatana na Ziwa Manyara linabaki chini kushoto kwako. Magari mengi pale yanayumba. Langu linatulia barabarani, mikono yangu inahisi kupitia usukani kila kitu tairi zinachokanyaga, na nikirudisha gia ya tatu injini inaitika papo hapo. Siendeshi kwa fujo, na sijawahi kupigwa tochi. Lakini mtu anayesimama kutwa nyuma ya kaunta akisikiliza maradhi ya watu, kisha akirudi nyumbani anapika, anakagua madaftari na kumpima mama presha, huwa hana muda wake. Wangu ni pale nyuma ya usukani. Binti yangu wa kidato cha tatu hupenda kukaa kiti cha mbele. Ameshajifunza kuisikiliza injini, ananiambia ni wakati gani wa kubadili gia. Tunazungumza mambo mengi humo ambayo nyumbani hatuyazungumzi.

Sasa matatizo. Ilianza taa ya injini kuwaka, ikawa ni koili. Ikafuata gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Oili ikawa inadondokea sehemu ya moto na harufu inaingia ndani. Zikaja bushi za mbele, kisha sensa moja baada ya nyingine. Kila fundi na jibu lake. Wa kwanza aliifuta taa kwa mashine, ikarudi. Wa pili akaondoa thamostati, akasema nchi yetu ni ya joto na kile kifaa hakina kazi. Wa tatu akashangaa nani ameiondoa. Mwaka jana peke yake matengenezo yalipita milioni sita.

Halafu Machi mwaka huu, tukitoka kliniki, tumeshaipita njia panda ya KIA na hatujafika Kikatiti, taa nyekundu ya joto ikawaka ghafla. Gari hili halina mshale wa joto la maji, kwa hiyo sikuona dalili yoyote kabla. Nikaegesha pembeni, nikazima. Pampu ya maji, ambayo kwenye injini hii inaendeshwa na umeme, ilikuwa imekufa kimyakimya. Malori yalikuwa yanatupita karibu kiasi kwamba gari linatikisika. Mama alikaa juu ya khanga kwenye majani tukisubiri bredauni mpaka giza likaingia. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Pampu ikaagizwa Dubai, gari likakaa gereji wiki tatu.

Tangu siku ile mama anasema atapanda Kosta. Nikimwambia gari limepona anajibu, “Najua mwanangu, ila usijisumbue.” Mwezi uliopita akasema anajisikia vizuri, kliniki anaweza kuiruka. Nikampima, presha ilikuwa juu.

Kaka akanipigia simu: “Uza hilo gari la mashindano, nunua gari la watu.” Yeye mwenyewe ana gari kubwa la miaka ya tisini lililokaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake kwa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kumwitia kikao. Mdogo wangu anasema naringa. Mume wangu alisema tu, “Gari ni lako, uamuzi ni wako,” kisha akaulizia watoto. Dalali amenitajia milioni 11.

Fundi niliye naye sasa anasema mfumo wote wa kupooza injini ubadilishwe kwa mkupuo, kama milioni tatu na nusu, na gari litatulia. Naogopa kumwamini. Lakini naogopa pia kuuza, halafu kila nikikaa kwenye gari jingine nianze kumwekea mama kinyongo kwa kitu ambacho hakuniomba. Niambie mama, niuze? Na je, mimi ni mbinafsi?

Mpenda usukani, Arusha

JIBU

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako, kisha nikairudia nikianza na ile sehemu unayosema watu wote wanairuka. Ukiiondoa, mtu anaona mwanamke mwenye gari bovu ambalo hataki kuliachia. Ukiiacha mahali pake, unaonekana mtu aliyebeba wagonjwa wa mtaa mzima, watoto, mama na nyumba, akapata kitu kimoja kinachompa nguvu ya kuendelea kubeba. Huyo wa pili ndiye ninayemjibu.

Kama nimekuelewa, gari unalolipenda linaharibika bila kutoa taarifa. Mama yako mgonjwa hataki tena kulipanda tangu siku ile ya karibu na Kikatiti, na sasa ameanza kuikwepa kliniki yenyewe. Ndugu zako nao wametoa hukumu kabla ya kuuliza. Maswali yako ni mawili, ila umeyaandika mfululizo kana kwamba ni moja. Kuuza au kutouza ni hesabu ya vyuma na fedha. Kuwa mbinafsi au la ni jambo la moyo, na unaweza kuuza gari kesho asubuhi ukabaki unajiuliza hivyo hivyo.

Kabla ya yote, kuna kitu kisichosubiri uamuzi wowote, nacho ni kliniki ya mama ya mwezi huu. Wewe ni mtu wa dawa, unajua kuliko mimi maana ya mgonjwa wa moyo kuruka mahudhurio huku presha ikipanda. Aende. Aende kwa gari la kukodi, kwa gari la jirani, au kwa Kosta mkiwa wawili mmekaa viti vya mbele, lakini aende. Jambo hili ukilitenganisha na mjadala wa gari, utashangaa jinsi mjadala wenyewe utakavyopungua ukali.

Sasa nirudi kwako. Hakuna aibu katika kupenda gari linaloendesheka vizuri, wala si tamaa ya kigeni. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazazi wetu walisimama kando ya barabara kuangalia magari ya milango minne, ya aina ile ile waliyopanda wao. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya sitini, na huku mitaani ilikuwa teksi na gari la familia. Shekhar Mehta alishinda mfululizo tangu 1979 hadi 1982 akiwa na saluni ya Datsun. Na mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton, mwanamke, alimaliza wa tatu akiwa na Audi, nyuma yake wakiwa wanaume wengi tu. Kwa hiyo anayekwambia gari la namna hiyo si la mama mwenye watoto, usimpe nafasi kubwa moyoni.

Hapo nakuunga mkono na kuhusu kaka yako. Ni kweli unapimwa kwa kipimo ambacho yeye hakupimwa. Gari lake limekaa juu ya mawe na linaitwa mradi. Lako limezimika njiani na limeitwa majivuno. Una haki ya kumwambia hivyo, kwa upole, siku mkikaa. Lakini naomba ujiulize jambo moja ukiwa peke yako: lile gari lililozimika jioni ile lingekuwa la kaka, mama angeogopa kidogo? Sidhani. Uonevu wa kaka ni jambo la kweli, na hofu ya mama ni jambo la kweli pia, ila hayajibiani. Wasiwasi wangu ni kwamba hasira uliyonayo kwa kaka inaweza kukufanya ulitetee gari kwa nguvu kuliko unavyolihitaji, ili tu asionekane ameshinda. Na kinyume chake kinawezekana: uuze kwa kuchoka maneno, halafu umwekee kinyongo mama ambaye, kama ulivyosema mwenyewe, hakuomba liuzwe.

Mume wako je? Umeiandika kauli yake kwa namna inayoonyesha imekuuma. “Gari ni lako, uamuzi ni wako.” Unaisikia kama mlango uliofungwa. Yawezekana ndivyo. Yawezekana pia ni mtu aliye mbali, anayejua ulivyoipata fedha ile, na hataki kuwa sauti nyingine inayokuamrisha. Mume mwingine angekwisha kukutafutia mteja. Usikisie maana ya sentensi ya simu. Akirudi zamu hii, mwambie wazi: sihitaji ruhusa, nahitaji mtu wa kufikiri naye. Wanaume wengi hawajui kama hicho ndicho tunachoomba mpaka tukitaje.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe, na hapa niruhusu nizungumze kidogo, maana nilikaa miaka mingi kwenye kaunta ya gereji ya marehemu mume wangu, nikiandika risiti na kusikiliza wenye magari wakilalamika.

Mwaka 1950 kampuni ya Alfa Romeo ya Italia ilitoa saluni yake ya 1900 na kuitangaza kuwa ni gari la familia linaloshinda mashindano. Ahadi hiyo ndiyo iliyokupata wewe, na imewapata wengi duniani: gari moja lifanye kazi mbili, libebe mama na watoto na hapo hapo liupe moyo wa dereva raha. Ahadi si ya uongo. Gari likiwa jipya, kwenye nchi yenye mafundi waliosomea gari hilo na kipuri kinachofika kesho yake, linazifanya kazi zote mbili. Lako sasa lina karibu miaka ishirini, na liko mahali ambapo pampu inasafiri kutoka Dubai. Kazi ya kukupa raha bado linaifanya vizuri kabisa. Ni ile kazi ya pili, ya kuwa tegemeo la mgonjwa, ndiyo iliyolegea. Ukiona hivyo, swali linabadilika kidogo. Badala ya kuuliza kama gari ni zuri au baya, unaweza kuuliza kama ni lazima gari hili moja liendelee kubeba kazi zote mbili.

Unasema linaharibika kila mara, na barua yako inaonyesha hivyo kweli. Lakini tazama kilichoharibika. Magari ya Japani huja na kilomita chache na sisi wanunuzi tunaifurahia ile namba. Plastiki na mpira havihesabu kilomita, vinahesabu miaka na joto. Tangi dogo la maji, viungio vya mipira, vifuniko vya pembeni vya rejeta, gasketi, vyote vikishapashwa na kupoa kwa miaka hukakamaa kisha vikapasuka. Injini nyingi za kizazi hicho zimeundwa zifanye kazi zikiwa na joto kubwa ili zisile mafuta, na kichwa chake ni cha aluminiamu, ambacho joto likizidi hupinda. Ulipoegesha na kuzima mara tu taa nyekundu ilipowaka, huenda ndipo ulipoiokoa injini. Wengi hujikokota mpaka mji unaofuata, na pale hadithi ya gari huishia.

Na thamostati ile! Nimewasikia mafundi wengi wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Sivyo. Thamostati ndiyo inayoamua injini ifikie joto gani na ibaki hapo. Ikiondolewa, injini inafanya kazi ikiwa haijapata joto lake, inakula mafuta zaidi, na kompyuta ya gari inaona kitu hakiko sawa, inawasha taa. Kufuta taa kwa mashine nako ni kunyamazisha tu; kilichoiwasha bado kipo. Kwa hiyo sehemu ya milioni sita zako ilienda kwenye uzee wa gari, na sehemu nyingine ilienda kwa watu waliokuwa wakibahatisha. Siwezi kujua ipi ni kubwa. Lakini zile milioni zimeshaondoka, na hazipaswi kupewa kura sasa. Usilibakishe gari kwa sababu umeshalitilia fedha nyingi, wala usiliuze ili kuziadhibu. Cha kupima ni fedha na utulivu wa miezi kumi na miwili ijayo.

Ukifuata ushauri wa fundi wako na kubadilisha mfumo mzima wa kupooza kwa mara moja, hiyo ni njia yenye mantiki. Kwa gari la umri huo, kubadilisha pampu mpya na kuacha mipira ya zamani ni kuhamishia tatizo kwenye kiungo kinachofuata. Mpime fundi kabla ya kumpa fedha. Muulize kama atarudisha thamostati, na kama ataweka kipoozi cha rejeta kinachotakiwa au maji ya bomba. Muombe aandike kila kipuri na bei yake, na akukabidhi vya zamani mkononi. Muulize anakinunua wapi, kwa sababu boksi lenye nembo si ushahidi kwamba kilichomo ndani ni halisi. Fundi mzuri hatachukia maswali hayo. Hatari yake ni hii: mfumo wa kupooza ukitulia, bado kuna umeme, bushi, gasketi nyingine, na hakuna anayeweza kukuahidi kuwa halitasimama tena. Ukichagua hapo, kaa na mume wako mpange kiwango cha fedha na tarehe ya kukomea, mkiwa mmetulia, kabla spana haijagusa bolti. Mtu aliyesimama gereji huku gari limefunguliwa huwa hawezi tena kusema hapana.

Kitu kingine wengi hawakijui mpaka siku ya siku: fungua buti uangalie kama una tairi la akiba. Saluni nyingi za Kijerumani za miaka ile zilitoka kiwandani bila hilo, kwa kuwa zilivishwa tairi zinazoweza kwenda umbali fulani hata zikiishiwa upepo. Sisi tukibadilisha tunafunga tairi za kawaida, na buti linabaki tupu. Na bima kubwa, kama unayo, hulipa ajali na wizi. Pampu iliyokufa kwa uzee hailipi.

Ukiuza, utapata kupumzika, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye majukumu yako. Milioni 11 ni bei ya dalali kwa gari lenye historia ya matatizo. Gari la silinda sita lenye gia za mkono lina wateja wachache, ila wale wachache hulitafuta, na ukimpata mmoja wao moja kwa moja unaweza kupata zaidi, mradi umweleze ukweli wote na kumkabidhi risiti. Usitarajie lakini kwamba kila shilingi ya matengenezo itarudi kwenye bei, haitarudi. IST utakayonunua ina faida moja ambayo siwezi kuipinga: hata Same au Babati utapata spea na fundi anayeijua. Bado nayo ikiwa ya mkononi inaweza kuwa ilipinduka ikanyooshwa, au kilomita zake zimerudishwa nyuma, kwa hiyo ikaguliwe na mtu wako, si wa muuzaji. Na kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Utakuwa umeachia muda wako wa pekee, na ule wa binti yako. Kama ukiuza, panga kabisa muda huo utahamia wapi. Mazungumzo yenu yanaweza kuishi ndani ya IST pia, lakini yatahitaji ninyi wawili kuyaamulia.

Ipo njia ya kati, nayo naona hukuitaja kabisa. Gari libaki, ila liondolewe kwenye kazi ya kliniki. Tuseme unamkodi dereva unayemfahamu, Arusha kwenda Moshi na kurudi, kwa laki moja na nusu kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1.8, na hapo kaka na mdogo wako wana nafasi ya kuchangia kitu badala ya maneno. Mkikaa kiti cha nyuma pamoja, utakuwa na mama, kitu ambacho ukiwa nyuma ya usukani huwezi. Hatari yake ni namna atakavyoielewa. Anaweza kuona umelichagua gari ukamkabidhi yeye kwa dereva wa watu. Ikifanyika kimya kimya itamuumiza. Ikifanyika kwa kumweleza, huenda akashukuru. Gari la pili dogo ni njia nyingine, na wapo wanaoiweza, ila ni bima mbili, matairi manane na huduma mbili, na duka lako ndilo litakaloulizwa kama linaweza kulipa.

Kuhusu neno mbinafsi. Mtu mbinafsi haoni kwamba mama yake ameacha kulipanda gari. Wewe umeona, ukampima presha, ukahesabu, ukaandika barua. Ninachokuona nacho ni woga wa aina mbili: woga wa kumpoteza mama, na woga wa kupoteza sehemu ya nafsi yako ambayo si mke wala binti wala mama wa mtu. Woga wa pili hauna kibali kwenye familia nyingi za kwetu, ndiyo maana unautetea kwa kuzungumzia injini. Una haki ya kuutaja kwa jina lake, hata mbele ya kaka.

Katika barua nzima kuna mtu mmoja ambaye hajaulizwa. Kaka amesema, mdogo amesema, dalali na mafundi wamesema. Mama amesema “usijisumbue” tu, na wewe umejaza maana iliyobaki. Unadhani anaogopa gari. Huenda aliogopa malori yale yaliyopita karibu, au giza, au kuwa mbali na hospitali moyo ukimwenda mbio. Au huenda haogopi chochote kwa ajili yake: aliona uso wako jioni ile, akaona gharama za wiki tatu zile, akaamua kujipunguza ili asiwe mzigo. Mama wa umri wake huona kuruka kliniki ni rahisi kuliko kumwambia mwanae ahangaike. Kila moja ya sababu hizo ina dawa yake, na zipo ambazo kuuza gari hakutazitibu hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya fundi, kabla ya dalali na kabla ya kikao cha ndugu, tafuta jioni moja watoto wakiwa wamelala, kaa naye, umuulize ni nini hasa kilichomtisha siku ile. Usilitetee gari, na usimwahidi kuliuza. Msikilize mpaka amalize. Kisha ukipenda niandikie tena, unieleze alichosema, tutaanzia hapo.